Mchota Mvua wa Maua

Kwa miaka kadhaa nimewaambia watu kwamba siku ile ulimi wangu uliteleza. Nimemwambia mchungaji, nimewaambia dada zangu, nimemwambia hata daktari wa meno aliyekuwa mle hemani na ambaye wala hakuwa ameniuliza. Haukuteleza. Neno lile nililichagua, nikaliandaa, nikalifanyia mazoezi mbele ya kioo cha bafu pale nyumbani kwetu mtaa wa Dallas, mjini Embu, nikiwa nimefunga taulo kichwani, na kila nilipofika kwenye neno lenyewe nilinyamaza kidogo ili watu wapate nafasi ya kucheka. Hilo ndilo nimekuwa nikilikana. Nilitenga nafasi ya kicheko.

Mimi ni mtu wa maneno. Ninaandika makala, nimesoma chuo kikuu mpaka mume wangu akauliza kama kuna mwisho, na kwa muda mrefu nimekuwa nikikusanya matusi, hasa yale ya kumwambia mtu kwamba hana akili, kama vile watu wengine wanavyokusanya vikombe. Sipendi kutukana (sana). Napenda kujua tusi lilizaliwa wapi, maana mara nyingi limezaliwa mahali pa ajabu, na nilikuwa na nadharia yangu, niliyoipenda kama mtoto, kwamba tusi ukishajua lilikotoka linaisha makali.

Sasa ili mnielewe, lazima niwaeleze kuhusu jina. Mume wangu, Mwenda, ni Mmeru wa upande wa Maua, mimi ni Mwembu, na katika jambo hili makabila yetu hayana ugomvi: binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba. Basi binti yetu ni Kagendo kwa sababu mama mkwe wangu ni Kagendo, na jambo hili haliishii kwenye cheti cha kuzaliwa. Mtoto akichapwa, bibi anauliza, "Mmenichapa kwa nini?" Mtoto akifaulu mtihani, bibi anawaambia majirani kwamba amefaulu, na majirani wanampa pongezi. Mama mkwe wangu hajawahi kumwita mjukuu wake kwa jina. Humwita "mimi," naye mtoto humwita "juju," yaani bibi. Akipiga simu huuliza, "Mimi amekula?" na kuna msichana wa kazi tuliyekuwa naye ambaye kwa mwaka mzima alidhani mama wa watu ameanza kuchanganyikiwa.

Hajachanganyikiwa. Sijawahi kukutana na kichwa kilichotulia kama kile. Aliachwa mjane na watoto watano, akawasomesha wote kwa miraa, akifunga vibunda kwa majani ya mgomba huku pikapu zikiunguruma barabarani kungoja kukimbilia Nairobi, na madalali wa Maua, watu ambao wanaweza kumuuzia mtu kivuli chake mwenyewe, walikuwa wakishusha sauti wakifika kwake. Pia ndiye aliyekuwa akiwasomea wanawake wa kule barua zao. Barua ikitoka kwa mwana aliye jeshini au kwa mume aliyepotelea Mombasa, ilipelekwa kwa Kagendo, naye aliisoma kwa sauti ya chini, na kilichosomwa hakikutoka nje ya mlango wake. Namheshimu kuliko maprofesa wangu wote, na ninasema hivyo mapema kwa sababu mkisikia nilichomfanyia hamtaamini.

Nyumbani kwetu kulikuwa na tusi letu wenyewe. Mwenda alikuja nalo kutoka kwao, kama mtu mwingine anavyokuja na kiti cha babu yake. Mtoto akitafuta kalamu aliyoishika mkononi: "Mchota mvua wewe!" Mimi nikitia chumvi mara mbili kwenye sufuria moja: "Leo tumepikiwa na mchota mvua." Kwa Kimeru ni tamu zaidi, linateremka kama uji, lakini hata kwa Kiswahili picha unaiona: mvua inanyesha, mitaro inafurika, na mtu mzima mwenye macho mawili anabeba mtungi anaelekea mtoni kuteka maji. Nililipenda kuliko matusi yote niliyoyakusanya, na sikuwahi kumuuliza mtu limetoka wapi. (Nilikuwa na shughuli nyingi na Wagiriki.)

Basi Kagendo wetu, Kagendo mdogo, akafuzu uuguzi, kisha akapata kazi Ayalandi, tukaona tufanye sherehe moja ya kumpongeza na kumuaga. Tulikodi mahema, tukayafunga kwenye uwanja wa kanisa letu. Upande mmoja walikaa watu wangu wa Embu, upande wa pili watu wa Maua, na mbele kabisa, kwenye kiti kilichofunikwa kitambaa cheupe, mama mkwe wangu, na nyuma yake wanawake wa rika lake waliokuja naye, wamevaa leso zinazofanana. Ratiba ilikuwa wazi: maombi, chakula, hotuba, na mwisho kabisa bibi asimame ambariki mjukuu wake kabla ya safari, amtemee mate kidogo kifuani kama wanavyobariki wazee, amwambie maneno ambayo hakuna mwingine anaweza kumwambia. Mtoto alikuwa amengoja hilo tu. Chakula hakukigusa.

Mimi nilipewa nafasi ya kutoa shukrani. Mume wangu, ambaye ananijua, aliniinamia akaninong'oneza, "Sema asante, ukae."

Ningesema asante nikakaa, leo singekuwa na la kuandika.

Nilichukua maiki nikaanza vizuri. Nikaeleza jinsi Kagendo alivyokuwa mzito wa kusoma alipoanza shule, jinsi mwalimu mmoja alivyomwita kichwa maji mbele ya darasa, na watu wakasikitika panapostahili, halafu nikasema, "Na nyumbani je? Nyumbani hatukuwa na adabu zaidi. Sisi tulimwita..." nikanyamaza kidogo, kama kwenye kioo, "...mchota mvua! Na leo, ndugu zangu, Kagendo huyu huyu, mchota mvua kamili, anakwenda Ayalandi!"

Upande wa Embu ulicheka. Dada yangu alipiga meza. Upande wa Maua ulinyamaza, na sisemi ule unyamavu wa watu ambao hawajasikia. Ulikuwa ule wa watu ambao wamesikia vizuri sana. Mwanamke mmoja wa rika la mama mkwe alikuwa anapeleka kijiko cha njahi mdomoni, kijiko kikasimama hewani. Mwenda akashika paji la uso. Mama mkwe wangu hakufanya kitu, ila alivuta leso yake mabegani, polepole, kama mtu aliyehisi baridi.

Mwenye akili angeketi. Mimi nikaona hawa watu hawajaelewa mzaha, kwa hiyo nitawaeleza (haya ndiyo maradhi ya waliosoma sana, tunadhani kila kimya ni ombi la maelezo).

"Msiogope matusi," nikasema. "Tusi ukijua lilikotoka halina makali. Chukueni neno mjinga. Zamani kule pwani mjinga alikuwa mgeni tu, mtu aliyefika juzi, hasa mtumwa aliyeletwa karibuni, hajui njia wala desturi za mji."

Sikujua ni kwa nini wanawake wa Maua waliangaliana. Baadaye nikakumbuka kwamba mzee aliyemwoa mama mkwe alikuwa amemtoa mbali, Tharaka, na kwamba wifi zake walimwita mgeni mpaka alipozaa mtoto wa tatu.

"Au punguani," nikaendelea, maana sasa nilikuwa nimeshapata mwendo wa kuteremka mlima, "ni mtu aliyepungukiwa kitu, basi, na nani kati yetu hajapungukiwa? Na hilo la Kizungu, idiot, ambalo mabosi wanapenda kutuambia! Kwa Wagiriki wa kale alikuwa mtu anayekaa na mambo yake, hataki kuingia mikutano ya watu." Hapo kijiko kilishushwa kabisa, kwa sababu mwaka uliopita mama mkwe alikuwa amejiondoa kwenye chama cha wanawake, na wenye chama walikuwa wameketi nyuma yake. "Na moron je? Hilo lilitungwa na mtaalamu, mtu mwenye digrii, apate jina la kuwapa watu wa daraja fulani katika mtihani wake wa akili! Kwa hiyo ukitukanwa moron, umetukanwa kwa lugha ya hospitali!"

Hakuna aliyecheka. Hata upande wa Embu ulikuwa umeanza kutafuta soda chini ya viti.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo hata leo likinijia nikiwa naosha vyombo huwa nasema "ai!" kwa sauti, peke yangu. Niliwauliza. Niliinua maiki, nikatabasamu kama mwalimu wa zamu, nikasema, "Na sasa hili letu. Nani hapa anajua mchota mvua limetoka wapi?"

Wifi yangu Karimi, dada yake Mwenda, akaanza kunikatia mkono hewani, ishara ya kukata shingo. Nikadhani ananiambia muda umekwisha.

"Mimi najua," ikasema sauti ya mwanamume. Alikuwa baba mdogo Mutuma, ndugu mdogo wa marehemu baba mkwe, mzee mcheshi ambaye pombe ya muratina ilikuwa imemfikia kabla ya chakula. Akasimama. Na mimi, Mungu anisamehe, nikatembea mpaka alipo nikampa maiki.

"Ni huyu!" akasema, akinyoosha fimbo mbele. "Ni Kagendo mwenyewe! Alipoolewa kwetu. Mvua inapiga, mvua ya kuua kuku, vyungu vyote vimejaa nje, na bibi arusi anatoka na mtungi mgongoni, kamba kichwani, anaenda mtoni kuteka maji! Si mara moja, ati. Kila mvua! Tukasema, kaka yetu ameoa nini? Tukamwita hivyo. Na neno likaenea mpaka Maua mjini, mpaka leo mtoto wa shule anaambiwa, na hajui mwenyewe yuko hai na anakula wali!"

Watu wangu wa Embu walicheka wakalia machozi. Hawakujua. Walidhani ni sehemu ya ratiba.

Mama mkwe akasimama. Hakunitazama. Alimwendea mjukuu wake, akamshika shavu, akasema kwa sauti ambayo maiki, iliyokuwa bado mkononi mwa Mutuma, iliibeba hemani kote: "Mimi, nimechoka. Nakwenda nyumbani." Leso zote zinazofanana zikainuka nyuma yake, na upande wa Maua ukabaki viti na sahani.

Hakumbariki.

Tulipofika nyumbani nilimgeukia mume wangu. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Na hukuniambia? Miaka yote hii?"

"Nilidhani unajua," akasema. "Wewe si ndiye unajua maneno yalikotoka?"



Nililojaribu baada ya hapo mngelijaribu pia. Nilituma leso mpya, ikapokelewa. Nilituma asali, ikapokelewa, debe likarudi limeoshwa. Nilimtuma Karimi, akarudi akasema, "Mama hajasema kitu. Amesema tu hiyo asali ni ya Mbeere, si mbaya." Nikaamua kwenda mwenyewe, na unga na sukari na aibu yangu, nikaketi jikoni kwake Maua tangu asubuhi. Nilipewa chai. Nilipewa nduma. Tuliongea juu ya ng'ombe, bei ya miraa, mguu wa mchungaji. Lakini kila nilipofika kwenye "Mama, kuhusu ile siku," kulikuwa na kuku wa kufukuzwa. Sijawahi kuona kuku wakifukuzwa kwa heshima kiasi kile. Jioni alinisindikiza mpaka langoni, akanishukuru kwa kuja, na nikarudi Embu na samahani yangu nzima kama nilivyoibeba.

Na huku siku ya kuondoka inakaribia, Kagendo akaacha kufunga sanduku.

"Mum, mimi siendi."

"Kagendo, kuna visa. Kuna hospitali inakungoja."

"Visa ni karatasi tu, Mum. Siwezi kupanda ndege juju akiwa hivyo. Nikifika huko nikianza kuwa mgonjwa? Nikikosea dawa ya mtu? Nitasema ni nini?" Akajifuta macho kwa mkono wa sweta. "Ni mimi mmenitukana mbele ya watu. Mnadhani sikusikia vile?"

Nilitaka kumwambia kwamba msichana aliyesoma sayansi hawezi kuamini mambo haya. Lakini yeye hakuwa amenena habari ya uchawi. Alikuwa anasema hawezi kwenda nusu, nusu yake nyingine ikiwa imeketi Maua imevunjika moyo. Kama kuna digrii inayojibu hilo, haimo kati ya zile nilizonazo.

Simu ililia asubuhi ya siku yenyewe ya kuondoka, sanduku likiwa wazi sebuleni, nusu tupu. Nilikuwa nimeshika chai. Nikaona jina, nikaimwaga.

"Mama Kagendo," akasema mama mkwe.

"Mama."

"Mimi yuko?"

"Yuko hapa. Amekataa kwenda."

"Nimeambiwa. Weka ile sauti ya juu asikie, na wewe usikie, sitarudia."

Nikaweka simu mezani. Kagendo akaja akapiga magoti kando yake kama mtu anayeota moto.

"Lile neno," akasema mama mkwe, "unajua lilitoka wapi?"

"Baba mdogo alisema..."

"Mutuma alisema alichoona. Mutuma alikuwa amejificha mvua chini ya ghala la mahindi. Ameona mtu na mtungi. Ng'ambo ya mto aliona?"

Nikanyamaza. Safari hii nilikuwa nimejifunza.

"Ng'ambo ya mto kulikuwa na nyumba ya mwalimu. Mke wake alikuwa anasomesha watu wazima kwa baraza, ile ngumbaru. Mzee wangu alikuwa amekataza. Alisema mwanamke akijua kuandika ataandikia wanaume. Sasa mke mpya atatoka nyumbani akisema anaenda wapi? Mtoni tu. Na kiangazi mtoni wanawake wamejaa, nitavuka wakiniona? Lakini mvua ikinyesha hakuna mtu mtoni, kila mtu ameweka chungu nje. Mvua ndiyo ilikuwa nafasi yangu. Nilikuwa nasali inyeshe."

"Mama," nikasema. "Na waliposema wewe ni mjinga?"

"Nikawaacha waseme. Mjinga haulizwi anaenda wapi."

Kagendo alikuwa ameweka kiganja mdomoni. Mimi nilikuwa nawaza zile barua zote, na wale wanawake wakiingia kwake mmoja mmoja, na maneno yao yaliyosomwa kwa sauti ya chini na mtu aliyeyapata herufi kwa herufi akiwa amelowa mpaka mifupa. Nilikuwa nimezunguka dunia nzima nikitafuta tusi lenye asili ya ajabu.

"Kwa nini hukutuambia, Mama?"

"Nani aliuliza?" Sasa hasira ilisikika, ile safi ya mtu mwenye haki. "Hilo neno halinisumbui, nimelibeba tangu niko msichana. Ni hiyo maiki. Uliuliza hema lote. Mwenye neno nimekaa mbele, kwa kiti chenye kitambaa, nangoja mke wa kijana wangu, mwenye masomo, anigeukie aniulize. Nilikuwa tayari kusimama niseme. Ukanipita, ukapelekea Mutuma."

Hapo ndipo nilipoapa, pale pale kwenye zulia lenye chai, kwamba singeeleza tena asili ya neno lolote ambalo mwenyewe yu hai kabla sijamwendea na kiti changu cha chini nikamuuliza. Nilimwambia hivyo. Nikamwomba msamaha, na kuku hawakuitwa.

"Imeisha," akasema. "Yule mke wa mwalimu alikuwa Mwembu, ulijua? Kwa hiyo kijana wangu aliposema amepata Mwembu, ndugu zake wakapiga kelele, mimi nikasema mleteni." Akakohoa. "Sasa nyamaza, naongea na mtoto. Mimi!"

"Naam, juju."

"Ndege ni saa ngapi?"

"Ni usiku, juju. Lakini siwezi kufika Maua nirudi."

"Nani amesema uje? Simama. Fungua kifungo cha juu. Mate yangu hayapiti kwa simu, kwa hiyo jitemee kifuani, kidogo, usijiloweshe."

Kagendo alinitazama, kisha akaitazama simu. "Nijitemee mwenyewe? Juju, si lazima iwe ni wewe?"

"Kwani wewe ni nani?"

Binti yangu akasimama wima katikati ya sebule, akafungua kifungo.

"Ni Kagendo," akasema.

"Basi tema."

Akatema.